Mama ana presha na sukari, SHA sijalipa: nianzie wapi?

"Naishi Dandora na mama yangu wa miaka 61 na mtoto wangu wa miaka minne. Nafulia watu nguo, na siku ambayo hakuna nguo hakuna pesa. Mama ana presha na sukari. Nilijiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, lakini sijawahi kulipa hata shilingi, na nilidhani mama yuko chini ya jina langu. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali kubwa. Tukalipishwa ya kumwona daktari na ya vipimo, halafu tukapewa karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Sasa tunanunua tembe tano tano kwa kemisti, zikiisha tunakaa hadi nipate. Mtoto naye anakohoa, hii ni wiki ya tatu, na tumempa dawa ya chupa mara mbili. Jirani ananiambia kuna hospitali za bure za wafadhili, mwingine anasema chifu akiniandikia barua sitalipa kitu. Naogopa hata kurudi hospitali. Nianzie wapi?"

Dada yangu, anza na mtoto, na uanze kesho asubuhi. Hayo mengine ya SHA, chifu na wafadhili tutayafikia, lakini kikohozi cha wiki tatu hakingoji tumalize mazungumzo.

Mtu yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili, mkubwa au mdogo, anafaa kupimwa kifua kikuu. Sisemi kwamba mtoto wako anacho. Huenda ni pumu, huenda ni moshi wa jiko la makaa kwenye chumba kimoja, huenda ni mafua yanayofuatana. Lakini ikiwa ni TB, dawa ya chupa ya kemisti haitaiponya, itawachelewesha tu. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa mtaani hawalijui: kupima TB na dawa zake ni bure katika vituo vya umma, kuanzia tembe ya kwanza hadi ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni miezi sita. Haijalishi umelipa SHA au hujalipa. Ni hivyo hivyo kwa kupimwa virusi vya Ukimwi na dawa zake, kwa chanjo za watoto, na kwa njia nyingi za kupanga uzazi. Kinachoweza kukugharimu ni picha ya kifua ikihitajika, kwa hiyo uliza kwanza kama inafanyiwa hapo na kwa pesa ngapi.

Dandora ina vituo vya afya vya kaunti, Dandora I na Dandora II. Nenda kilicho karibu nawe. Ukifika mapokezi, usiseme tu "mtoto ni mgonjwa." Sema hivi: "Mtoto anakohoa zaidi ya wiki mbili." Maneno hayo yana uzito, kwa sababu wahudumu wamefunzwa kumtoa anayekohoa kwenye foleni na kumhudumia upesi asiwaambukize wengine. Watakuuliza kuhusu uzito wake, kama anatokwa na jasho usiku, kama amepoteza hamu ya kula, na kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa. Usishangae wakikuomba kinyesi chake wakipime, maana mtoto mdogo hawezi kutema kohozi. Mbebe na kijitabu chake cha kliniki, kile chenye chanjo na mistari ya uzito, kwa sababu uzito uliosimama kwa miezi kadhaa humwambia tabibu mengi.

Na mpeleke mama siku hiyo hiyo. Sababu ni mbili. Ya kwanza, mtoto wa miaka minne akiwa na TB mara nyingi ameipata kwa mtu mzima anayeishi naye, na mwenye sukari isiyodhibitiwa hupata TB kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Ya pili ni kwamba kituo hicho hicho ndicho kinachofaa kumhudumia mama kwa presha na sukari. Hapo ndipo ulipaswa kuelekezwa tangu mwanzo, na huna lawama yoyote kwa kutolijua. Hakuna aliyekueleza.

Sasa tuje kwenye SHA, kwa sababu naona ndiyo inayokutia hofu. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii katika hospitali ya umma hapa Nairobi, na maswali yanayoletwa mezani pangu karibu yote yana mkanganyiko huu mmoja: watu wanadhani kutolipa SHA ni kufungiwa mlango wa kila hospitali. Sivyo. Kujiandikisha ni jambo moja, kulipa mchango ni jambo lingine, na kila moja lina mlango wake.

SHA ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na chini yake kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni mfuko wa huduma za afya ya msingi. Huu unagharamiwa na serikali kutoka kwa kodi, na unalipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Ili kuutumia unatakiwa uwe umejiandikisha tu. Hauulizi mchango. Wa pili ni mfuko wa bima yenyewe, ule unaoingia michango yetu, na ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua na huduma nyingine kubwa. Huu ukiwa hujalipa haukufungukii. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mazito, unaokusudiwa kuendelea pale bima ya kawaida inapofikia kikomo chake.

Kwa hiyo ulipompeleka mama hospitali kubwa bila mchango kulipwa, uligonga mlango wa mfuko wa pili, na ukalipishwa kama mtu asiye na bima. Angepimwa presha na sukari kwenye kituo cha afya cha Dandora kwa jina lake lililosajiliwa, ungekuwa kwenye mlango wa mfuko wa kwanza. Ugonjwa ni ule ule na Nairobi ni ile ile, lakini bili ni tofauti kabisa. Sisi wakazi wa jiji tuna mazoea ya kupita kituo cha afya kilicho nyuma ya nyumba, kupanda matatu hadi hospitali za Mama Lucy au Kenyatta, tukiamini kwamba ukubwa wa jengo ndio ubora wa tiba. Kwa presha na sukari ambazo hazijaleta madhara mengine, tabibu wa kituo cha afya anazo dawa zile zile za kuanzia ambazo daktari wa hospitali kubwa angeandika. Akiona jambo linalomzidi, atakupa barua ya rufaa, na barua hiyo itunze. Ukienda Mama Lucy na rufaa, unakwenda kwa sababu inayojulikana na kwa kliniki inayojulikana, huanzi upya kama mgeni.

Kuna kosa jingine dogo la kurekebisha. Mama hayuko chini ya jina lako. SHA inahesabu kaya kuwa ni mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao. Mzazi wako ni kaya yake mwenyewe, hata kama mnalala chumba kimoja na kula sufuria moja. Msajili peke yake kwa *147#, ukitumia kitambulisho chake. Kusajiliwa ni bure. Mtu wa saiba akikuomba pesa ya "kufungua akaunti ya SHA," ujue unalipia kazi ya vidole vyake tu, si usajili. Mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu anaweza kuwasaidia bila malipo, na mtoto muongeze kwenye jina lako ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa.

Huyo mhudumu wa afya wa jamii mtafute hata kama usajili umekwisha. Ni yule anayepita nyumba kwa nyumba, mara nyingi ni jirani yako mwenyewe, na tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu hawa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Akimpima mama mlangoni na kuandika namba kwenye daftari, umeokoa nauli na foleni. Kama humjui, uliza kwenye kituo cha afya ni nani anayesimamia upande wenu wa mtaa.

Sasa dawa. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hizo tembe tano tano zinanitia wasiwasi kuliko bili uliyolipa.

Presha haiumi. Mama anaweza kuamka vizuri, akafagia, akacheka, na huku damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, siku baada ya siku. Mishipa ya ubongo, ya figo, ya moyo na ya macho huharibika polepole bila kelele. Tembe ya presha inashusha nguvu hiyo kwa muda ambao dawa iko mwilini tu, labda siku moja. Ikiisha, presha inapanda tena. Kumeza siku tano na kukaa kumi si nusu ya matibabu, kwa sababu katika zile siku kumi mama yuko kama mtu asiyetibiwa. Na sukari inapoungana na presha, figo ndizo zinazobeba mzigo wa zote mbili. Nimewaona watu wengi walioletwa kwa kiharusi au kwa kuanza kusafishwa damu ambao familia zao zilikuwa zikinunua dawa kwa mtindo huu wako. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wanabana matumizi mahali ambapo kubana kunaishia kwa gharama isiyobebeka.

Habari njema ni kwamba dawa za kawaida za presha na sukari ni za zamani, na zile za bei nafuu zinafanya kazi ile ile. Kila dawa ina jina lake yenyewe na pia jina la kibiashara la kampuni. Amlodipine, losartan, hydrochlorothiazide, metformin: hayo ni majina ya dawa zenyewe. Mwenye kemisti akiona jina la kibiashara kwenye karatasi anaweza kukupa pakiti ya bei ya juu sana wakati dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kile kile, imekaa kwenye rafu nyingine kwa bei ndogo. Chukua ile karatasi mliyoandikiwa hospitali, mwonyeshe tabibu wa kituo cha afya, na umwombe akuandikie kwa jina la dawa yenyewe. Kama kuna ya bei ghali isiyo ya lazima, atakwambia. Usimwache kemisti abadilishe aina ya dawa kwa kukisia, maana hajui figo za mama zikoje.

Vituo vingi vya afya huwa na siku maalumu ya wiki ya kliniki ya presha na sukari. Uliza siku hiyo, mfikishe mama asubuhi, na mbebee daftari moja ambalo litakuwa lake la siku zote. Kwenye ukurasa wa kwanza andika majina ya dawa zake na kipimo, kurasa zinazofuata tarehe na namba za presha na sukari. Wagonjwa wetu wengi hubadilisha daftari kila wanapoenda, na kila mara tabibu anaanza kukisia. Daftari lililojazwa vizuri huokoa hata vipimo vya kurudiwa, na vipimo ni pesa.

Sitakudanganya kwamba dawa zitakuwepo kila siku. Vituo vya umma huishiwa, na nimeshuhudia wagonjwa wa sukari wakirudi nyumbani na karatasi badala ya tembe. Lakini kuishiwa kwa kituo kimoja si kuishiwa kwa vyote. Muulize mhudumu wa famasia ni dawa ipi hasa imekosekana, ipi ipo, na lini wanatarajia mzigo. Pokea zilizopo, ununue ile moja iliyokosekana badala ya kununua zote nje. Na ukiwa na pesa ya kununua, nunua za mwezi mzima mara moja, maana tembe zinazouzwa kwa kukatwa tano tano mara nyingi huwa ghali zaidi kwa kila moja. Kama pesa haitoshi za mwezi, mwambie tabibu ukweli huo waziwazi. Ni afadhali akuandikie dawa moja unayoweza kuimudu kila siku kuliko tatu utakazoziacha nusu. Ukificha, atadhani dawa hazifanyi kazi na ataongeza nyingine.

Na ukidaiwa ada yoyote katika kituo cha afya cha umma, usigombane, na wala usiondoke. Ada za matibabu katika zahanati na vituo vya afya vya umma zilifutwa mwaka 2013, kabla hata ya SHA kuzaliwa. Uliza kwa upole pesa hiyo ni ya nini na uombe risiti. Ikiwa hakuna risiti, omba kumwona msimamizi wa kituo. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Je, ulipe SHA? Swali hili wengi wanataka jibu la ndiyo au la. Mimi nitakupa hesabu.

Kwa mtu asiye na mshahara, mchango unatokana na maswali ya tathmini kuhusu nyumba, maji, choo, mnachopikia na kadhalika, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Shida ni kwamba hulipi 300 ukaenda zako. Mchango wa wasio na ajira rasmi hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa kiwango cha chini. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaokuwezesha kukopeshwa mchango huo wa mwaka na kuurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hiyo soma masharti yake kabla ya kukubali. Na mkiwa kaya mbili, wewe na mama, ni michango miwili.

Kama ningekuwa wewe na ninaweza kuchanga wa mtu mmoja tu mwaka huu, ningemlipia mama. Yeye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kulazwa, na usiku mchache wa wodini unaweza kuzidi mchango wa mwaka. Ungekuwa na mimba ningesema kinyume chake, kwa sababu kujifungua kunalipiwa na bima iliyolipwa, na miezi tisa haisimami. Mtoto wako, kwa mahitaji yake ya kawaida, ana kituo cha afya na chanjo za bure.

Ikiwa tathmini ilikupa kiwango kikubwa ambacho hakifanani na maisha yako, usikinyamazie. Rudia majibu yako, kisha nenda kwa dawati la SHA katika Huduma Centre. Ya Makadara haiko mbali na kwenu. Sheria yenyewe inawatambua watu wasiojiweza na inaitaka serikali iwalipie mchango. Anayefikiriwa ni yule tu aliyesajiliwa na kufanyiwa tathmini, kwa hiyo majibu ya kweli kwenye yale maswali yana faida hata kama leo huna cha kulipa. Na usiache kula ili ulipe bima. Ikiwa chaguo ni kati ya mchango wa mwaka na dawa za mama za miezi hii, nunua dawa.

Jirani yako aliyekwambia kuhusu hospitali za wafadhili ana ukweli nusu. Nairobi ina vituo vya mashirika na vya makanisa ambavyo vilianzishwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Kibera kuna kliniki za SHOFCO na kuna Tabitha. Upande wa kwenu kuna hospitali za misheni kama Ruaraka Uhai Neema na Jamaa kule Uhuru. Vituo hivi si vya bure kwa kila kitu. Vingi hutoza ada iliyo chini ya hospitali za binafsi, na vingi vinapokea SHA. Piga simu kwanza, uliza mambo matatu: ya kumwona daktari ni pesa ngapi, je wana mfuko wa kuwasaidia wasiojiweza, na dawa za presha wanauzaje. Kwa meno, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni ya kufundishia, na wanafunzi wanatibu chini ya macho ya walimu wao. Utakaa muda mrefu kitini, lakini kazi inakaguliwa.

Kambi za matibabu zinazofanyika viwanjani na makanisani nazo zina faida yake na mpaka wake. Ni nzuri kwa kugundua: kupimwa macho, sukari, kansa ya mlango wa kizazi. Hazifai kwa kuendeleza tiba, kwa sababu Jumatatu hema limeng'olewa na aliyekupa dawa hayupo. Mama akienda kambini aende na daftari lake, na asibadilishiwe dawa na mtu ambaye hatamwona tena.

Jihadhari na "kliniki" za chumba kimoja zisizo na jina. Kituo halali hutundika ukutani leseni ya mwaka huo kutoka KMPDC, baraza la madaktari, na pia unaweza kutafuta jina lake kwenye tovuti ya baraza hilo. Drip inayotundikwa kwa kila ugonjwa, na sindano kwa kila homa, ni dalili ya mtu anayeuza badala ya kutibu.

Sasa barua ya chifu. Hii iko kwenye kazi yangu, na naomba uisome kwa makini.

Barua ya chifu hailipi bili. Ni ushahidi mmojawapo kwamba wewe ni mkazi wa pale na hali yako ni ngumu. Anayependekeza msamaha wa bili ni idara ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma, na anayeidhinisha ni uongozi wa hospitali. Msamaha huo unatoka kwenye mapato ya hospitali yenyewe, hakuna gunia la pesa lililowekwa pembeni, ndiyo maana tunauliza maswali mengi na ndiyo maana mara nyingi tunasamehe sehemu tu na kukuomba ulipe iliyobaki kwa awamu. Tutakuuliza unaishi na nani, kodi ya nyumba ni ngapi, nani mwingine katika familia ana kazi, mmejaribu nini kufikia sasa, SHA ikoje. Hatukuulizi ili kukuaibisha. Tunahitaji kuandika kisa ambacho msimamizi wa fedha, ambaye hajawahi kukuona, ataamini.

Kosa linalowaponza wengi ni kungoja. Mgonjwa analazwa, familia inanyamaza kwa aibu, siku ya kuruhusiwa ndipo inashtuka na bili. Hapo deni limekwisha kukomaa, na kila siku mgonjwa anapobaki kitandani baada ya kuruhusiwa, malipo ya kitanda yanaweza kuendelea kuongezeka. Mama akilazwa siku yoyote, siku hiyo hiyo ya kwanza mwambie muuguzi wa wodi: "Naomba kuonana na ustawi wa jamii, hatuna uwezo." Nasi tukianza mapema tunaweza kusukuma mambo ya SHA yake wakati bado anatibiwa, kumweleza daktari achague vipimo vya lazima kwanza, na kutafuta jamaa wa kusaidiana. Beba nakala ya kitambulisho chako na cha mama, lile daftari, na barua ya chifu kama unayo. Ukikubaliana kulipa kwa awamu, taja kiasi ambacho kwa kweli utakiweza, hata kiwe kidogo.

Na kama hospitali itamzuia mama kwa sababu ya deni, ujue kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kumshikilia mgonjwa kwa sababu hajalipa ni kinyume cha Katiba. Deni linabaki kuwa deni na linadaiwa kwa njia za kawaida. Tabia hiyo haijakoma kila mahali, lakini unapozungumza na msimamizi, zungumza ukijua sheria iko upande gani.

Mwisho, dharura. Hapa usihesabu pesa, usitafute rufaa, wala usiwaze ngazi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inakihusu kila kituo, cha umma na cha binafsi: kinachoweza kutoa matibabu hayo na kikakataa kinatenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni tatu. Dharura maana yake ni kumtuliza mgonjwa asife wala asiharibike, na kumpangia uhamisho ikibidi. Haimaanishi matibabu yote yatakayofuata ni bure, kwa hiyo bado utahitaji ile meza ya ustawi wa jamii.

Kwa mama, kimbia hospitali iliyo karibu ikiwa mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, hata kama dalili hizo zimepita baada ya dakika chache. Kimbia akipata maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kichwa kuuma vibaya pamoja na macho kuona giza, au akitapika na kuchanganyikiwa. Akitetemeka, akitoka jasho jingi na kupotewa na mawazo, huenda sukari imeshuka: kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari nyingi au soda ya kawaida papo hapo, kisha mpeleke. Kidonda cha mguu ambacho hakiponi si cha kupaka dawa nyumbani. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto, usingoje asubuhi akihema haraka, kifua chini ya mbavu kikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunywa, akipata degedege, au akilegea kiasi cha kutoamka vizuri. Namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu na hupigwa bila malipo. Uliza kama ambulensi watakayotuma inalipiwa, na kama ni ya kulipia au iko mbali, tafuteni teksi, tuktuk au gari la jirani, lolote litakalomfikisha mtoto kwanza.

Asubuhi ya kesho, basi: kitambulisho chako na cha mama, kijitabu cha mtoto, daftari jipya, ile karatasi ya dawa kutoka hospitali, na tembe zilizobaki zikiwa kwenye pakiti zake ili tabibu asome majina. Mama asinywe chai kabla ya kupimwa sukari ikiwa anaweza kuvumilia, lakini mbebee kitu cha kula baada ya kipimo, na ikiwa anadungwa insulini au amewahi kuzimia kwa sukari kushuka, ale kama kawaida na amwambie anayempima. Fika mapema. Ukishapata majibu ya mtoto na siku ya kliniki ya mama, niandikie tena unieleze walichosema, hasa kama kuna dawa waliyokosa.